Mtego Ndani ya Jalada la Chiriku

Kama kuna mtu aliyezaliwa na jicho la ziada kisogoni, basi ni yule mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha mwisho ambaye wanafunzi walimwita Mama Darubini. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini ukimletea chai, ataichungulia kwanza. Ukimsifia gauni, atakuuliza, "Haya sema, unataka nini?" Nyumbani kwake hata paka alitoka jikoni kwa adabu, maana alijua atakaguliwa mdomo.

Sasa mtu wa aina hiyo mpe mwenzake wa kusahihisha naye, uone kazi. Mwenzake alikuwa mwalimu mtu mzima, mpole, mwenye tumbo lililotulia, ambaye jibu lake kwa kila jambo duniani lilikuwa "sawasawa". Paa linavuja? Sawasawa. Chaki zimekwisha? Sawasawa. Basi jina likamganda, Mwalimu Sawasawa, na wenye kujua wanasema hata mkewe alimwita hivyohivyo.

Somo lenyewe lilikuwa na masharti yake, nami nitayasema mara moja tu, msinirudishe nyuma. Mwanafunzi hakaribii chumba cha mtihani wa mwisho mpaka awe na jalada. Ndani ya jalada zimo insha za mwaka mzima, alizoziandika darasani, mwalimu akimwona. Jalada husomwa na walimu wawili. Wa kwanza anasoma, anaandika alama kwenye karatasi yake, anaitia kwenye bahasha na kuifunga. Wa pili anasoma jalada lilelile bila kujua mwenzake kasema nini, naye anafunga ya kwake. Kisha bahasha zinafunguliwa mbele ya mkuu wa shule. Walimu wakipishana sana, jalada linapelekwa kwa msomaji wa tatu, mwalimu wa shule nyingine. Wakikubaliana, imekwisha, hapana rufaa. Na jalada likiwa chini ya nusu, mwenye nalo hafanyi mtihani. Anarudia mwaka, akiwa na bahati ya kurudia.

Shida ya Mama Darubini ilikuwa moja. Walikubaliana mno.

Yeye akitoa sitini na mbili, Sawasawa katoa sitini na tatu. Yeye arobaini na saba, Sawasawa arobaini na saba. Mwaka unaingia, mwaka unatoka, hakuna jalada lililowahi kwenda kwa msomaji wa tatu. Mama Mkuu, ndivyo wote walivyomwita mkuu wa shule, alijisifu nao kwenye kila kikao: "Hawa ni mapacha wangu." Mwingine angefurahi, angekunja miguu ale sifa zake. Mama Darubini alikosa raha. Mtu na mumewe hawapatani chumvi ya mchuzi, seuze insha!

Akaanza kumchunguza. Meza zao zilitazamana katika ofisi ya walimu, katikati yao pakiwa na kabati la vitabu lililovunjika mlango. Yeye Mama Darubini husoma jalada kwa jasho, anapiga mistari, anarudi nyuma, anaanza upya. Sawasawa je? Anafungua, anafunua kurasa kama mtu anayetafuta noti aliyoisahau kitabuni, anapangusa miwani, anauliza habari za watoto, anafunga. Kamaliza! Halafu bahasha zinafunguliwa, alama ni zilezile. Jamani, huo ni uchawi au ni wizi, na Mama Darubini hakuamini uchawi.

"Ananichungulia," alijisemea. "Anafungua bahasha zangu kwa mvuke, huyu."

Akabadilisha kufuli ya droo. Alama zikafanana. Akaanza kwenda na bahasha nyumbani ndani ya mkoba, mkoba ubavuni kama mtoto mchanga. Zikafanana. Akabandika unywele wake kwenye kifuniko cha bahasha, aone kama utakatika. Haukukatika, na alama zikafanana. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, mwenzangu hana hatia. Yeye alisema mwizi asiyeacha unyayo ndiye mwizi hasa.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani na hakuwa na dogo. Jioni moja alikuja kumpimia sketi, akamkuta kanuna.

"Wifi, na wewe siku moja utampekua maiti," alimwambia, pini zikiwa mdomoni. "Huyo mwalimu si umtegee tu ukatulia? Mimi sukari yangu ilikuwa inaliwa. Nikajaza chumvi kwenye kopo la sukari, nikakaa kimya."

"Ukamkamata?"

"Nilimkamata baba mkwe wangu! Alikuja kunisalimia, nikasahau, nikamtilia vijiko vitatu kwenye chai. Akainywa yote, mzee wa watu, akasema asante mwanangu, chai yako ina nguvu. Mpaka leo hajarudi." Wifi alicheka mpaka pini zikamdondoka.

Mama Darubini hakucheka. Alisikia neno kutega, mengine yakapita juu ya kichwa. Laiti angesikiliza hadithi mpaka mwisho! Lakini mtu akishaamua lake, hata umpigie ngoma sikioni.

Mpango ulikuwa hivi. Achukue jalada ambalo halina ubishi, zuri mpaka kipofu angeliona, alipatie alama ya kufeli. Kama Sawasawa anasoma kwa haki, atatoa alama ya juu, watapishana, jalada litakwenda kwa msomaji wa tatu na mtoto atapata haki yake. Kama anaiba, atatoa alama ya kufeli vilevile, na hapo kanaswa, hana pa kutokea. Bahasha zingefunguliwa Ijumaa, majina ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani yangebandikwa Jumatatu. Hapo katikati angemwanika Sawasawa mbele ya Mama Mkuu, alama ya mtoto irekebishwe, na kila mtu alale salama. Aliuona mpango hauna tundu. Waliopanga mambo yasiyo na tundu mnawajua walipoishia.

Jalada lisilo na ubishi lilikuwa moja tu, la Chiriku.

Chiriku alikuwa binti mwembamba asiyefunga mdomo. Angejibu swali kabla halijaulizwa, angeomba radhi, halafu angejibu la pili. Kwao hali ilikuwa ya kusukumana. Mama yake mdogo, aliyemlea, alikuwa na saluni, na alikwishamwambia wazi: "Mwaka huu ukipita, shule endelea, nitakubeba. Usipopita, kiti chako kiko hapa dirishani." Shule nzima ilijua habari ya kiti hicho, kwa sababu Chiriku mwenyewe aliisimulia kila siku, akiigiza sauti ya mama mdogo na wateja wote.

Insha yake ya mwisho ilikuwa juu ya mlango. Mlango wa mbele wa nyumba yao, ambao kila mtu aliufunga kwa namna yake, hata yeye akiwa kitandani amefumba macho alijua nani kaingia, na kaingia na moyo gani. Mama mdogo akiwa na hasira huufunga taratibu sana. Mjomba akija na uongo huufunga mara mbili. Basi, mlango tu, hakuna zaidi, na Mama Darubini alipoisoma mara ya kwanza alijikuta kasimama katikati ya ofisi tupu bila kujua kasimama saa ngapi.

Sasa akaichukua tena, siku ya kuipa alama. Akashika kalamu. Akaiweka. Akaishika. Roho ilimsuta, nani amdanganye? Mtoto hana kosa, mtoto hajui lolote. Akajiambia ni kwa siku chache tu. Akasonya. Akaandika thelathini na nane, akaitazama ile nambari ilivyokaa pale bila haya, akasonya msonyo mwingine mrefu, akaitupa kalamu mezani na kwenda kusimama dirishani mikono kiunoni.

"Vipi, mwalimu?" aliuliza Sawasawa kutoka ng'ambo ya kabati.

"Hamna kitu."

"Sawasawa," alisema Sawasawa, akaendelea kupangusa miwani.

Ijumaa wakaketi ofisini kwa Mama Mkuu, bahasha zimepangwa juu ya kitambaa cha meza. Zikafunguliwa moja moja. Zilifanana, zikafanana, zikafanana. Likafika la Chiriku. Mama Mkuu akaisoma karatasi ya kwanza, uso ukabadilika. Akafungua ya pili.

"Thelathini na nane," alisema. "Na thelathini na tisa."

Niseme ukweli? Mama Darubini alifurahi. Ilimpanda kifuani furaha mbaya, ya mtu aliyeambiwa miaka yote kuwa ana wasiwasi wa bure, kumbe hakuwa na wasiwasi wa bure. Za mwizi arobaini! Ilibidi ainame ajifanye anaokota kifuniko cha kalamu.

"Chiriku huyuhuyu?" Mama Mkuu alivua miwani. "Huyu anayenifundisha hata mimi? Mna hakika, walimu wangu?"

"Kazi yenyewe ndiyo hiyo," alisema Sawasawa kwa huzuni, mtu mzima hana aibu.

"Na wewe, mwalimu?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi, angesema neno moja tu. Lakini Mama Darubini alitaka kwanza ajifaidi. Alitaka amshike Sawasawa peke yake, amsikie akibabaika, ajikaange kwa mafuta yake, ndipo amburute kwa Mama Mkuu akiwa na ungamo kamili mkononi. Akasema, "Alama ni kama ulivyoziona, mama." Mama Mkuu akatikisa kichwa, akatia sahihi.

Akamfuata Sawasawa hadi ofisi ya walimu, akafunga mlango, akauegemea.

"Mwalimu, ile insha ya Chiriku ya mlango, uliionaje?"

"Mlango?" Sawasawa alikuna kidevu. "Mlango upi?"

"Ahaa! Hukuisoma!"

Alitarajia ubishi, alitarajia kelele. Sawasawa aliketi polepole, akavua miwani, akayasugua macho yake mekundu.

"Sikuisoma, dada yangu," alisema. "Sijasoma jalada lolote miaka mitatu sasa. Macho haya, nikisoma ukurasa mmoja, wa pili herufi zinatembea. Nikisema, watanipumzisha. Nami nikipumzishwa niende wapi?"

"Kwa hiyo ukawa unafungua bahasha zangu!"

"Bahasha?" Alishtuka kweli, mpaka akasimama. "Mimi nifungue bahasha ya mtu? Mwalimu, unanitukana!"

"Sasa alama zangu unazijuaje?"

Sawasawa akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani.

"Si unazisema mwenyewe? Insha ikiwa nzuri unavua viatu chini ya meza na kuchezesha vidole. Ikiwa nzuri sana unasimama. Ikiwa ya katikati unaguna kila aya, nami nahesabu miguno. Mbaya, unasonya. Miaka yote hii nimekaa mbele yako, mwalimu. Majalada siyawezi, lakini wewe nakusoma vizuri, na hujawahi kumwonea mtoto hata mmoja. Nikasema, anayekuamini wewe hapotei." Akaketi tena. "Huyu Chiriku ulimsonya mara mbili, ukatupa kalamu, ukaenda dirishani. Nikajua mtoto kaharibu vibaya. Nilikuwa nimuandikie thelathini, nikamwonea huruma."

Msonyo ule Mama Darubini alijisonya mwenyewe! Ilikuwa dhamiri yake inapiga kelele, na mwenzake akaiandika kama alama. Kweli hakuwa mwizi wa bahasha. Kweli pia alikuwa akila mshahara wa kusoma asichokisoma, na Mama Darubini alikuwa na haki ya kumshuku, na haki hiyo sasa haikumsaidia chochote.

"Kaka," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "ile alama ilikuwa ya uongo. Nilikutega."

Sawasawa alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakusema sawasawa.

Nje kelele zikaanza. Kelele za wanafunzi wanaokimbilia ubao wa matangazo. Mama Mkuu, kwa vile mapacha wake wamekubaliana na hakuna jalada linalosubiri msomaji wa tatu, hakuona sababu ya kungoja Jumatatu. Alikuwa amebandika majina na alama, za waliopita na za walioanguka.

Mama Darubini alitoka mbio, viatu vikabaki njiani. Alipofika watoto walikuwa wanarukaruka na kukumbatiana, na mbele yake wakapisha njia kama wanavyompisha mtu aliyefanya jambo. Mmoja akamwambia bila kuulizwa, "Amekwenda, mwalimu. Amesoma, akasoma tena, akatoka getini." "Hakulia?" aliuliza Mama Darubini. "Hakusema kitu," alijibu yule mtoto, na kwa Chiriku hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

Akaingia kwa Mama Mkuu bila kubisha hodi, akayasema yote, mtego, msonyo, macho ya Sawasawa, kila kitu. Mama Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani umetega panya," alisema, "chambo ukaweka kidole cha mtoto wa mwenzio."

"Nilitaka kukamata—"

"Nyamaza! Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, hukufundishwa na bibi yako? Angekuwa wako ungemtega?" Mama Mkuu hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Pale pale aliwaondoa wote wawili kwenye usahihishaji. Majalada yote yakafungwa upya, yakapelekwa shule nyingine kusomwa na watu wasiojuana. La Chiriku likatangulia, mkononi mwa Mama Mkuu mwenyewe. Lilirudi na themanini na nne.

Mama Darubini akaomba aipeleke yeye hiyo habari. Mama Mkuu akasema, "Peleka. Ukaone ulichokifanya."

Saluni ilikuwa chumba kimoja kirefu, vioo upande mmoja, dreya za kukaushia nywele upande wa pili, harufu ya nywele zilizopashwa moto. Chiriku alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anakunja taulo. Mama mdogo wake, mwanamke mnene mwenye rola zake mwenyewe kichwani, alimpokea mgeni kwa jicho kali kisha akalainika.

"Karibu, mwalimu. Mimi nilidhani nitafurahi akinyamaza. Sasa nimechoka na ukimya wake, nakwambia. Wateja wananiuliza kama anaumwa."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Chiriku.

"Marahaba, mwanangu." Mama Darubini akachutama mbele yake, mwanamke yule asiyechutama kwa mtu, akamweleza. Alimweleza kama alivyomweleza Mama Mkuu, hakujipaka asali. Akaitoa karatasi mpya. Akasema, "Nisamehe. Kazi yako ni nzuri. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma, na ndiyo maana nikaitumia vibaya. Nisamehe."

Mama mdogo alipiga kigelegele, mteja chini ya dreya akauliza kuna nini. Chiriku aliichukua karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nilipoona ile thelathini na nane nilikwenda kuisoma tena nakala yangu," alisema. "Nikayaona makosa, mwalimu. Mengi. Nikashangaa kwa nini sikuyaona mwanzo."

"Hakuna makosa! Hayamo!"

"Yamo. Wewe ungetoa thelathini na nane kama hayamo?" Alisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo alilolisahau. "Mtihani nitakuja, mama mdogo anataka nije. Lakini nitaandika insha fupi, za kupita tu. Za milango nimeacha."

"Chiriku, mwanangu, niamini. Hiyo ndiyo alama yako ya kweli."

Chiriku aliikunja ile karatasi mara mbili, akamtazama usoni, akamchunguza macho, mdomo, hata mikono. Mama Darubini aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyokuwa akiyaona kila asubuhi kwenye kioo chake.

"Na safari hii, mwalimu," aliuliza, "mnamtega nani?"